Betri Nzito za Twaha

Twaha alikuwa na imani moja iliyomlisha mjini: mteja wa Kariakoo hapimi kitu kwa akili, hupima kwa kiganja. Ndiyo maana kila aliyemletea betri ya laptopu aiongezee seli ili ikae na chaji aliondoka akitabasamu. Betri ilirudi nzito. Seli zilizokuwamo Twaha alishazitoa akaziuza. Ndani alijaza mchanga, akaufunga kwa vipande vya kikoi chake cha kijani usije ukachezacheza. Fundi sharti awe nadhifu.

"Ikisumbua je?" aliuliza Rogath, mwanafunzi wa chuo, akipokea yake.

"Mdogo wangu, hapa Kariakoo. Mali ikishatoka haipokelewi."

Wiki hiyohiyo umeme ukakatika mtaa mzima, ila dukani kwa Mama Clotilda, muuza vitenge, laptopu iliendelea kuimba kwaya. Twaha akasimama kama aliyeitwa.

"Shikamoo, mama. Hiyo inatumia nini?"

"Marahaba. Betri yake tu, baba. Mpwa wangu aliiongezea seli."

Mama akaizima, akaifunga, akamkabidhi aipime. Nzito kweli. Twaha akaipima tena. Mchumba wake, Sitara, alikuwa akichapa barua za watu karibu na Mnazi Mmoja, na kila umeme ukikatika kazi yake ilipotea. Mfukoni Twaha alikuwa na simu mpya ya kumpelekea siku ya posa. Lakini hii ilikuwa zawadi hasa.

"Tubadilishane, mama. Na simu hii."

Mama akasitasita kwa kiasi kinachostahili, akakubali.

Kwa Sitara haikuwaka hata kidogo. Bibiye akachomoa betri, akaibandua kwa mkasi. Mchanga ukamwagikia barua za watu, na katikati yake kitambaa cha kijani.

"Kikoi nilichokupa Idi," alisema polepole. "Twaha, nakitaka kizima. Ndipo ulete posa."

Twaha akakimbilia dukani kwa Mama. Alimkuta Rogath akivuta betri ya gari kutoka chini ya marobota ya vitenge, waya wa laptopu bado unaning'inia.

"Mpwa wangu huyo," alisema Mama Clotilda. "Enhe, Rogath, mali ikishatoka?"

"Haipokelewi, shangazi."

Siku hizi Twaha anawabembeleza wateja wake wa zamani wamletee zile betri. Anawawekea seli nzima, kwa hela yake mwenyewe. Anachochukua ni kitambaa tu. Nao wanazipokea, wanazipima kwa kiganja, wanakunja uso.

"Fundi, mbona umeipunguza?"