Nyonga Yangu na Watu wa Kodi

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi kutoka ofisi ya pensheni damu inachemka. Miaka ishirini na miwili wananikata mshahara kwa ajili ya uzee wangu. Leo nataka hela yangu ninunue mashine ya kusaga kabla shemeji hajaniwahi, dada wa dirishani ananiambia nikichukua kabla ya miaka sitini, robo inaliwa na kodi. Robo! Nikamuuliza hao wa kodi walikuwa wapi nilipokuwa napigwa na shoti juu ya ngazi pale kiwandani. Akaita anayefuata.

Lakini ukutani wamebandika tangazo. Mgonjwa asiyeweza tena kazi yake hakatwi hata senti. Basi mimi mgonjwa.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kaniuliza mbona nachechemea. Nikasema nyonga. Akaniambia jana ilikuwa nyonga ya upande mwingine, akaenda zake kazini hospitalini. Muuguzi huyu hana huruma kabisa.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari wa mfuko wa pensheni kaniminya nyonga hadi nikalia machozi ya kweli. Mkatili yule. Kaandika kwamba mimi na ngazi basi tena, maisha yangu yote. Nusura nimkumbatie.

Ijumaa, 15 Machi
Hela imeingia nzima. Mashine nimelipia. Nikapita kwa shemeji makusudi kumpa habari. Kanuna hadi raha.

Jumatatu, 18 Machi
Washenzi. Ofisi ya pensheni imemtumia meneja wangu nakala ya ripoti ya daktari, eti ndiyo sheria. Meneja akasema kwa masikitiko kwamba fundi umeme asiyepanda ngazi hana kazi hapa. Nimeachishwa.

Nikaichukua ngazi, nikapanda hadi juu mbele ya kiwanda kizima, nikabadilisha taa mbili. Wenzangu wakapiga makofi. Meneja akapiga simu pensheni.

Alhamisi, 21 Machi
Sasa pensheni wanaitaka ile robo ya kodi, na faini juu. Kazi ameshapewa mwingine. Meneja anasema hataki mwongo, hata awe mzima namna gani. Mashine ameichukua shemeji kwa nusu bei, anasema ni kunisaidia tu. Nimepokea hela yake huku nimeuma meno. Yote imekwenda kwa watu wa kodi.

Jumapili, 24 Machi
Mke wangu ndiye atakayelipia nyumba na chakula. Nikamkumbusha kwa upole kwamba na yeye ana akiba yake kwenye mfuko uleule. Nikamuuliza kama mgongo haumsumbui, kwa kazi ile ya kuinua wagonjwa.

Akasema mgongo ni mzima. Kinachomuuma ni macho, kwa kunitazama mimi.

Macho. Hilo sikuwa nimelifikiria. Kesho asubuhi naenda kumuuliza dada wa dirishani.