Hatua za Kibonge Gizani

Jumatatu, 3 Juni
Kibonge wangu katembea! Umeme umekatika, mimi na wifi tuko sebuleni hatuonani, mara nasikia vishindo sakafuni: pa, pa, pa! Nikanyakua simu, nikarekodi. Baba yake yuko safarini na lori. Aliniapisha kabla hajaondoka: hatua za kwanza lazima azione. Ataziona! Kasoro moja tu. Video nyeusi kama kitako cha sufuria.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata programu ya kuhariri video. Nikasukuma mwanga mpaka mwisho. Chenga tupu! Wifi kachungulia, eti mtoto anatembea kwenye mvua ya mchele. Wivu huo.

Jumatano, 5 Juni
Kumbe kuna kitufe cha kuondoa chenga! Nikakisukuma nacho mpaka mwisho, mimi na nusunusu wapi na wapi. Chenga zimekwisha. Pua ya mwanangu nayo imekwisha. Nikamtumia baba yake hivyo hivyo. Kajibu: mke wangu, mbona unanitumia balbu?

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kwa mpiga picha za harusi. Kacheka mpaka kakaa chini. Akasema dada, hii ni kama chumvi, humwagi kopo zima. Akaangaza kidogo penye giza, akapunguza chenga kidogo. Sebule yote hiyo! Pua hiyo! Na nyuma ya Kibonge... wifi! Kamshika makwapani, anamsukuma kama toroli! Nikamuuliza mbona hukusema. Eti wifi, ulivyokuwa unapiga vigelegele, ningesemea wapi?

Ijumaa, 7 Juni
Baba yake kapiga simu, anaisubiri video iliyo safi. Sauti yake tu, nikashindwa kumwambia kuwa mtoto alishikwa. Nimeamua kumtia giza wifi peke yake. Kila nikimzima wifi, na mtoto anazimika.

Jumamosi, 8 Juni
Mchana kweupe, nimekaa mlangoni, nimeinamia simu, namzima wifi. Mtu kanishika goti. Nikasema subiri mwanangu, mama anakutengenezea video yako ya kutembea. Wifi akapiga ukelele: wifi weee, inua kichwa, kaja mwenyewe! Nikambeba, nikalia, nikambusu mpaka akanizaba kofi. Wifi alirekodi yote, akamtumia kaka yake. Naye kaegesha lori, kalia kama mtoto. Wifi wangu dhahabu, Mungu amweke.

Ila nimeitazama video yake vizuri. Mtoto anakuja mbio kwa mama, na mama kainamia simu, hana habari! Imezidi mwanga ile. Nimemwomba anirushie. Nitaitia giza kidogo, upande wangu tu.