Kitabu Kilichorushwa kwa Sekunde Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa Mkurugenzi anatangaza Mkuu wa Kompyuta. Tuko wawili: mimi, miaka kumi na tisa kazini, na Shemeji, mdogo wake mke wangu, anayepokea faili kule kwenye mitambo ya kuchapa. Mshindani gani huyo? Nimeshapimwa koti.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua uzembe wa ajabu! Tukituma kitabu mitamboni, kompyuta yetu inabisha hodi. Ya kule inajibu karibu. Yetu inasema haya, naingia. Ndipo kitabu kinakatwa vipande vyenye namba, na kila kikifika ya kule inajibu: nimekipata. Isipojibu, kinatumwa tena. Dakika arobaini za adabu! Nimefuta hodi na majibu yote. Vipande virushwe tu. Shemeji akauliza, eti shemeji, kimoja kikipotea njiani utajuaje? Nikamwambia vyangu havipotei.

Jumatano, 5 Machi
Siku yangu! Kitabu cha maisha ya Mkurugenzi, kurasa mia tatu na kumi na mbili, sekunde tisa! Mhudumu wa chai alipiga makofi. Shemeji alipiga simu mara tatu. Sikupokea. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Uzinduzi. Ukumbi umejaa. Mkurugenzi akasoma jinsi alivyopiga magoti kwa baba mkwe kumwomba binti yake. Mwisho wa ukurasa wa 40. Akafunua: “nikamkagua meno, nikamfunga kamba, nikampakia kwenye lori.” Huyo ni ng'ombe, ukurasa wa 97. Mkewe aliinuka akatoka. Shemeji anadai alipiga kuniambia kurasa hamsini na sita hazijafika. Hakujibiwa, na amri ilikuwa kuchapa siku ileile. Visingizio! Kurasa nyingine zote zilifika. Hilo halisemwi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu ni Shemeji. Mke wangu kapiga vigelegele ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Hodi na majibu vimerudishwa kila mahali, isipokuwa kwenye kompyuta yangu. Hawajui. Mkurugenzi anataka barua ya kuomba radhi kabla ya saa kumi, la sivyo nahamia stoo. Nimeandika kurasa mbili, mwenyewe zimenitoa machozi. Nimezirusha kwa njia yangu. Kufumba na kufumbua!

Saa kumi na robo. Shemeji anapiga simu. Mara ya tatu sasa. Aite mpaka achoke. Kasi hii ataitoa wapi?