Nyumba ya Kijani Iliyokuwa ya Bluu

Wilmor Tercero alikuwa ameegemea nguzo ya umeme, anatafuna embe bichi la chumvi, alipomwona binti mwenye sanduku kubwa akipita pale pale kwa mara ya pili, karatasi mkononi. Akafuta vidole, akachomekea shati.

"Dada, umepotea au unatembea tu?"

Binti akasema anaitwa Rayén, katoka Chile, kaja kusoma chuo kikuu kwa muhula mmoja, na anatafuta chumba alichoelekezwa. Akasoma polepole: "Palipokuwa kiwanda cha barafu, mitaa miwili kuelekea ziwani, nyumba ya kijani." Akainua uso. "Mbona kiwanda chenyewe sikioni?"

"Utakionaje? Kilianguka na tetemeko, mimi hata sijazaliwa."

"Sasa nitafikaje?"

"Umeshafika," akasema Wilmor, akalishika sanduku.

Tumtendee haki: Wilmor hakuwa mwizi. Wezi huamka mapema. Yeye alikuwa mlinzi wa nyumba ya Donya Amparo, yaani Bi Amparo, mzee aliyehamia Miami kwa bintiye na kumwachia funguo, viti vinne vya kubembea na maagizo mengi. Viti alishaviuza. Maagizo hayakupata mnunuzi.

Walipofika mlangoni Rayén aliitazama nyumba, akaitazama karatasi.

"Lakini hii ni ya bluu."

"Ilikuwa ya kijani," akasema Wilmor bila kupepesa. "Kiwanda hakipo na bado tunakitaja, kwa nini rangi tuionee? Hapa Managua, dada yangu, huelekezwi kilichopo. Unaelekezwa kilichokuwepo."

Rayén akacheka, akasema hayo ndiyo hasa aliyokuja kuyasoma. Akalipa kodi ya miezi mitatu mbele. Wilmor alizipokea dola kwa niaba ya Donya Amparo, ambaye tangu dakika ile akawa shangazi yake.

Maisha yakanyooka. Wilmor alikula nyama ya kuchoma kila siku na kununua viatu vyenye ncha. Rayén naye, akitoka darasani, alizunguka mtaani akiwauliza wazee: hapa palikuwa na nini, na pale je? Wilmor aliuona ni wazimu usio na madhara. Mara nyingi binti aliishia kwa Donya Chilo, mama aliyeuza mihogo na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa pale kona, akarudi na chakula kwenye jani la mgomba.

Jioni moja alirudi anatabasamu.

"Kaka Wilmor, hongera! Shangazi anakuja Jumamosi."

"Nani kasema?"

"Donya Chilo. Si huongea naye kwa simu kila wiki? Hukujua?"

Wilmor hakujua. Akaurudisha muhogo kwenye jani.

"Lazima umefurahi sana."

"Sana," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Ila dada, shangazi hapendi wageni. Siku hiyo ungelala kwa rafiki."

"Usiwe na wasiwasi. Nimeshajipanga."

Hapo ndipo majirani walipoona jambo ambalo bado wanalisimulia: Wilmor Tercero anafanya kazi. Alifyeka ua. Aliziba bati zilizovuja. Alipaka nyumba rangi, bluu juu ya bluu. Kisha akaenda kukomboa viti kwa kinyozi, na kinyozi, alipoona macho yake ya hofu, akataja bei mara mbili ya ile aliyonunulia.

"Huu ni wizi!" akasema Wilmor, tena kwa uchungu wa dhati. Akalipa. Dola ya mwisho ikaishia kwenye maua, kwani Rayén alimshauri ampokee shangazi uwanja wa ndege kama mtu wa heshima.

Jumamosi ndege ya Miami ilitua. Walishuka abiria, wakashuka wahudumu, mwishowe akatoka mfagizi na ndoo yake. Amparo hakuwemo.

Wilmor akarudi na maua yake. Getini alikuta kufuli geni. Ndani, barazani, Rayén na Donya Chilo walikuwa wanabembea taratibu, simu ikiwa katikati yao imewekwa sauti kubwa.

"Wilmor, mwanangu!" ikasema simu kwa sauti ya Amparo. "Nimeona picha. Nyumba inang'aa! Nimelia. Sasa pumzika, baba, umechoka. Huyu binti atanitunzia mpaka amalize masomo."

"Donya, si ulikuwa unakuja?"

"Mimi? Na magoti haya?"

Simu ikakatwa. Wilmor akashika nondo za geti.

"Nyumba yenyewe ya kijani iko mtaa wa tatu kutoka hapa," akasema Donya Chilo. "Imekuwa ya kijani tangu niko msichana. Ungeniuliza."

"Sawa, nimeshindwa," akasema Wilmor. "Lakini dada, rangi, bati, viti! Angalau unilipe."

"Nimeshakulipa, kaka," Rayén akajibu. "Miezi mitatu mbele."

Wilmor alilizungusha jambo lile kichwani, akiligonga huku na huku kutafuta ufa, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Hakuuona. Akapitisha maua kati ya nondo, akamkabidhi binti, akaondoka na viatu vyake vyenye ncha, ambavyo vilikuwa vinambana.