Kitasa Kinachonijua Mimi Tu

Jumatatu, 6 Mei

Wanataka kunihamisha! Nimesikia kwa masikio yangu, nikisaidiwa na bilauri niliyoibandika ukutani. Mwanangu alimwambia mkewe kwamba chumba cha mzee lazima kiwe kitupu kufikia Jumapili. Mkewe akajibu sawa, ila mzee asijue kwanza.

Asijue! Chai ikanipalia.

Nimehamishwa sana maishani, dalili nazijua. Huanza minong'ono. Yanafuata maboksi. Mwishowe anakuja mtu mpole kukueleza kwamba huko uendako kuna hewa nzuri. Jioni nikaona maboksi nyuma ya jokofu. Moyo paa! Nikavuta sanduku langu mvunguni kuhakikisha limefungwa. Limefungwa tangu nihamie hapa, miaka yote hii. Soksi tu ndizo hutoka na kurudi.

Jumanne, 7 Mei

Dawa imepatikana. Redioni, bibi mmoja mshauri wa familia amesema mapenzi hulelewa, na kila mtu ana lishe yake. Mtoto asifiwe, mkwe asaidiwe, mjukuu asikilizwe.

Nikaanza hapo hapo. Nilimsifu mwanangu kwa anavyotembea. Akauliza kama nimemeza vidonge vya presha. Kisha nikamfulia mkwe wangu sare zake nyeupe za uuguzi, pamoja na shuka langu jekundu. Alizitazama zikining'inia kwenye kamba, zote za waridi. Akasema ahsante baba, wagonjwa watachangamka. Midomo ilimtetemeka. Hasira, au kicheko? Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Mjukuu wangu ni binti aliye katika umri wa kukerwa na kila kitu. Nilikaa mbele yake nimsikilize, nikamkazia macho bila kupepesa. Akamwita mama yake.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa. Anakuja Jemadari! Ndiye mama mzazi wa mkwe wangu. Ana jibu kwa kila jambo, na husafiri na mto wake mwenyewe wa kulalia. Basi chumba changu ni chake. Na mimi je? Wapi tena, kwa magoti haya?

Lishe imeshindwa. Sasa ufundi. Maisha yangu yote nilikuwa fundi vitasa. Nimewafungulia watu milango katika miji ambayo mimi mwenyewe sikufunguliwa. Walipotoka asubuhi, nikafungua kitasa cha mlango wa mbele, nikapinda springi kidogo. Sasa hakifunguki, kwa ndani wala kwa nje, ila kwa anayekijua: unainua mlango kwa goti, unaurudisha ufunguo nyuma kiasi, halafu unauzungusha kama mtu aliyeghairi. Nani atahamisha mtu kama huyo?

Mchana mwanangu alikwama nje na mifuko ya sokoni. Akaita, baba, baba! Nikafungua kwa mbwembwe. Akasema bila mimi wangelala nje. Nikaenda chooni nikalia kidogo. Raha tu.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika ufunguo ukiwa bado mkononi.

Jemadari aliwasili na mto wake. Alinikagua, akasema mkwe mwenzangu umekonda, mdomo tu ndio umenenepa. Baada ya chakula wote wakatoka kwenda kuchukua kitu. Kitu gani? Hakuna aliyesema. Niliwafungulia, nikafunga nyuma yao, tukabaki wawili.

Waliporudi nilisikia sauti ngeni ya mwanamume, kisha kitu kizito kikiwekwa chini. Gari la kunibeba! Mwanangu akaita nifungue. Nikainua mlango kwa goti. Goti likagoma. Nikajaribu tena, likalia kama kiti kibovu. Kitasa changu mwenyewe kikanikana. Nje wananigongea, ndani nimefungwa na adui. Nikahisi miaka yote imenirudia kifuani, kila mlango niliowahi kusimama nyuma yake nikisubiri kuambiwa niondoke.

Nikamwambia Jemadari yote. Bilauri, springi, sanduku. Nikamwomba awaambie sichukui nafasi kubwa.

Alicheka hadi akaukumbatia mto. Kisha akaacha. Akasema mkwe, we mzee wa ajabu, huyo nje ni seremala, na hicho kizito ni fremu ya dirisha. Kesho chumba kinatobolewa dirisha upande wa jua, maana kila siku unalilia jua la asubuhi la kwenu. Yeye mwenyewe atalala na mjukuu.

Akaniuliza tutafungua au tutazeeka hapa. Akaweka goti lake mahali pa goti langu, akainua mlango. Nikazungusha ufunguo.

Jumapili, 12 Mei

Dirisha! Seremala alianza alfajiri, na jua lilikuja mpaka kwenye mto wangu. Mwanangu ameweka kitasa kipya, akasema baba huendi popote, hata ukitaka. Mkwe wangu, akiwa na sare yake ya waridi, alifungua sanduku langu kwa mikono yake na kutundika makoti yangu. Mjukuu akauliza kwa nini yana mikunjo ya zamani hivyo. Nikamweleza. Alisikiliza, hakukerwa. Nikafuta macho, nikasingizia vumbi la seremala.

Jumatatu, 13 Mei

Minong'ono jikoni! Jemadari amesema Jumatano, na mzee asijue. Boksi limeburutwa, tena kubwa. Jumatano kuna nini? Nimefikiri hadi kichwa kinauma. Hakuna lolote, ni siku yangu ya kuzaliwa tu.

Makoti yamesharudi sandukuni. Walipotoka nimekifungua kitasa kipya. Kazi safi, springi ngumu. Safari hii nimekitengeneza kihitaji magoti mawili, langu na la Jemadari. Wakitaka kunihamisha, watuhamishe wote.