Dhahabu Yenu Iliyo Zizini Kwangu

Kijiji cha Kinyangiri,
Mkalama, Singida.

Kwako Daktari Alifiya, bingwa wa mionzi, binti wa mzee Jaffer wa duka la vitambaa pale Singida mjini.

YAH: KUOMBA MWONDOE DHAHABU YENU MWILINI MWANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinasema yote, lakini nitaeleza. Mimi ni yule mzee Damiani, mfugaji, uliyenikuta na saratani ya tezi dume, ukaniwekea punje tatu za dhahabu ndani ya tezi hiyo kwa sindano ambayo sitaki kuielezea zaidi. Ulinifafanulia vizuri kwamba tezi haitulii mahali pamoja. Kibofu kikijaa inasogea, tumbo likijaa inasogea, na punje hizo ndizo zitakazoionyesha mashine ilipo, ili mionzi ipige ugonjwa isiniunguze kwingine. Nilikuelewa. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoacha kukuelewa. Jumatatu natakiwa kuanza mionzi, nami sitakuja mpaka malalamiko haya yapatiwe majibu.

1. Mwaka jana nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikakataa ng'ombe wangu kuvalishwa hereni za utambuzi. Nilisema mfugaji wa kweli huwajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa tabia. Leo mwenye ng'ombe ndiye mwenye hereni, tena tatu. Afisa mifugo sasa anapita kwangu kila mara kunijulia hali, na hali anayotaka kuijua naifahamu.

2. Ulisema punje hizo hazitolewi tena, zitakaa humo maisha. Daktari, wewe umekulia Singida, unazijua taratibu. Huku kwetu mtu akiweka ng'ombe wake kwa mwenzake, huweka mbele ya mashahidi. Mwenye zizi hunywa maziwa, hupata samadi, na baadaye akionekana ametunza vizuri hupewa ndama. Ninyi mmeweka dhahabu kwangu, shahidi akiwa nesi mmoja aliyejifunika mdomo. Maziwa yangu ni yapi? Na je, katika hizo tatu kuna jike?

3. Mke wangu Anastazia, ambaye sikuwahi kumnunulia hata hereni ya bati, sasa anaiita dhahabu hiyo yetu. Amenikataza baiskeli, amenikataza kuruka mfereji, na nikitoka chooni anataka kujua kama zote zipo.

4. Ndugu zangu wamekaa kikao, mimi nikiwa hapo hapo natafuna ugali wangu, wakajadili kama nikifa dhahabu itarithiwa na wanangu au itarudi hospitali. Mdogo wangu Joseph akakumbusha utaratibu: ng'ombe wa watu akifia zizini kwako, unampelekea mwenyewe ngozi ili aamini hukumuuza. Wote wakanigeukia. Daktari, hapo sikucheka. Nimezika ndugu wengi na sikuwahi kuogopa namna hii, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuipima ngozi yangu kwa macho nikiwa bado naitumia.

Kwa hiyo naomba mje mchukue dhahabu yenu, au mje na mashahidi tuwekeane masharti, au mnipe dawa ya kawaida ya kunywa, isiyo na mwenyewe. Mkishindwa yote hayo, niandikieni cheti kwamba dhahabu hiyo ni bandia, kisomwe kanisani Jumapili mbele ya ukoo wote.

Barua hii anakuletea binti yangu Kristina, mwenye ruhusa ya kujibu maswali yote isipokuwa ya sehemu yenyewe. Wasalimie madaktari, manesi, na yule mpishi wa uji anayeogopa sukari. Mama yako mzazi mwambie bado nalivaa koti nililoshonewa kwa kitambaa alichonikatia pale dukani kwenu.

Ni mimi, mtunza mali ya watu,
Damiani.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimeifungua. Nilipokuwa nalamba bahasha nimewaza kwamba maisha yangu yote sijaona mtu akipeleka ng'ombe wake kwenye zizi analojua litabomoka. Huangalia kwanza. Nanyi mliniangalia kwanza, kwa mashine zenu zote, ndipo mkaweka dhahabu. Basi iacheni hapo hapo ilipo. Jumatatu nakuja. Ila nakuomba jambo moja, mwanangu: shikamoo yako unipe nikiwa nimeshavaa suruali.