Utepe wa Darasa la Kwanza

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mwaka mpya wa masomo umefunguliwa kwa mafanikio makubwa katika shule yetu, hapa nje kidogo ya Uyole, kando kabisa ya barabara kuu. Kitu pekee ambacho hakikufunguliwa ni darasa.

Naitwa Mwalimu Obeid. Nafundisha Darasa la Kwanza, wanafunzi tisini na wanne, na tangu Januari mimi pia ni Katibu wa Kamati ya Kulinda Utepe. Cheo hiki cha pili ndicho kilichonipa heshima mtaani. Ualimu nimekuwa nao miaka kumi na sita na hakuna aliyewahi kunipisha kwenye foleni ya bucha.

Wasiojua niwaeleze. Darasa letu la zamani liliezuliwa na upepo mwezi wa Novemba. Kwa bahati nzuri jengo jipya lilikuwa limekamilika: kuta za rangi ya krimu, madirisha ya vioo, ubao umo, madawati yamo yananukia vanishi. Mlangoni ukafungwa utepe mwekundu. Ukutani likapachikwa jiwe la uzinduzi, likafunikwa kitambaa cha bluu. Ndipo Idara ya Uzinduzi ikatuletea Waraka Namba Moja, uliosema kwamba jengo ambalo halijazinduliwa halipo, na mtu haruhusiwi kuingia katika jengo ambalo halipo. Utepe utakatwa na mgeni rasmi tu. Kitambaa kitaguswa na mgeni rasmi tu, mbele ya wazazi, wanafunzi na wanahabari. Niliusoma mara mbili nikauona una mantiki kabisa.

Aliyeuleta ni Bwana Isakwisa, Afisa Utepe wa idara hiyo.

“Mgeni rasmi anakuja lini?” Mwalimu Matilda, mwalimu wetu mkuu, akamuuliza.

“Wakati wowote kuanzia sasa, mama.”

“Na watoto wakae wapi?”

“Barazani. Baraza halina utepe.”

Hoja hiyo haikuwa na mpinzani, kikao kikafungwa.

Kamati yangu ilianza kazi siku hiyo hiyo. Kila asubuhi saa mbili na kila jioni saa kumi nilijaza Daftari la Hali ya Utepe: “Utepe upo.” Mahudhurio ya utepe kwa muhula huo ni asilimia mia moja, kiwango ambacho hakuna mwanafunzi aliyekifikia. Mbuzi wawili walikamatwa karibu na eneo la tukio, wakaonywa.

Changamoto ndogo ilikuwa mvua. Januari ya Mbeya mnaijua. Baraza lina upana wa hatua mbili, na mvua yetu huingia kwa ubavu. Wiki ya tatu akaja mama yake Happy, anayeuza viazi sokoni Uyole, amemshika binti yake mkono.

“Mwalimu, huyu mtoto anakohoa wiki ya pili sasa. Na daftari lake ona, limelowa mpaka wino umekimbia. Si mfungue tu huo mlango, jamani?”

“Mlango upi, mama?”

“Si huu hapa!”

“Huo haupo, mama. Ukizinduliwa utakuwepo.”

Akaniangalia, akauangalia mlango, akaniangalia tena. “Ndaga fijo, mwalimu,” akasema kwa Kinyakyusa, kama mtu anayeshukuru kwa kuibiwa. Akamfunga Happy kanga yake kifuani, akaondoka ameloa. Niliona aibu mchana kutwa. Nalieleza hilo kwa ajili ya kumbukumbu tu, maana waraka haumkatazi katibu.

Sasa mtoto wa Darasa la Kwanza ana mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ubao ulikuwa ndani, tuliuona vizuri kupitia dirishani. Kuandika kukashindikana. Lakini baraza linatazama barabara, na mbele ya shule kuna tuta. Malori yote ya Zambia na Kongo lazima yapunguze mwendo pale, na lori, ndugu zangu, lina maandishi mbele, ubavuni na nyuma. Tukaanza.

“Somo linakuja!” nilikuwa napaza sauti.

“WE-KA-U-MBA-LI!” watoto tisini na wanne wanaitikia.

“Hesabu!”

“Tairi ishirini na mbili!”

Usomaji wa namna hii una nidhamu yake. Lori likishavuka tuta, somo limekwenda Tunduma, halirudi. Kufikia Februari walikuwa wanasoma HATARI MAFUTA, SINA HARAKA na MAMA ASANTE kwa pumzi moja, na kila walichosoma walikihesabu bila kuambiwa. Nilijivunia sana, lakini kwa kuwa mafanikio hayo hayakuhusu utepe sikuyaandikia taarifa.

Utepe wenyewe ulikuwa umeanza kuchoka. Wekundu ulikwisha, ukabaki waridi, kisha rangi isiyo na jina. Nikaenda mjini kwa Shabbir, aliyeuuza.

“Mwalimu, ule wa kufungia zawadi za harusi,” akaniambia. “Harusi yenyewe siku moja. Wewe unaweka wiki saba kwenye mvua?”

Nikamjibu kwamba maoni yake yamepokelewa.

Hatimaye, mwezi Machi, mgeni rasmi akaja: Mheshimiwa Mkurugenzi wa Uzinduzi mwenyewe. Ratiba ilisema saa mbili asubuhi, akafika saa nane mchana, jambo la kawaida kwa mtu mwenye tepe nyingi za kukata. Maturubai yalikuwa yamesimamishwa, wazazi wamejaa, kamera ya televisheni inarusha mubashara, na mkasi umelala kwenye sinia juu ya kitambaa cheupe. Mheshimiwa akahutubia kwa saa nzima kuhusu thamani ya muda. Kisha akashika kitambaa cha bluu, akakivuta.

Mshereheshaji alitakiwa asome jiwe. Hakuwahi. Watoto wangu wamezoea maandishi yanayokimbia.

“JENGO HILI LA MADARASA MAWILI NA MATUNDU SITA YA VYOO LIMEZINDULIWA NA MKURUGENZI WA UZINDUZI!”

Wazazi wakapiga makofi, wengine wanalia kwa furaha. Lakini somo lilikuwa bado. Vichwa tisini na vinne vikageukia jengo, vidole vikanyooka.

“Moja!”

Wakazunguka nyuma ya jengo mbio, wakarudi.

“Vyoo sifuri!”

Happy akanyoosha mkono juu.

“Mwalimu, darasa la pili limeshapita?”

Mheshimiwa akamwinamia Bwana Isakwisa. “Waambie wazime kamera.”

“Ni mubashara, mheshimiwa.”

Mkasi ukarudi kwenye sinia. Mheshimiwa akatangaza kwamba, kutokana na sababu za kiitifaki, uzinduzi umeahirishwa mpaka tarehe itakayopangwa. Niliwaona watoto wanaanza kurudi barazani mmoja mmoja, wenyewe, bila kuambiwa, na nikasikia hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu niajiriwe.

Ndipo mvua ikashuka. Upepo ukabeba maturubai, ukabeba sinia, na Mheshimiwa akatimua mbio kuelekea paa pekee lililokuwepo. Mimi, kama katibu, nikasimama mlangoni.

“Mheshimiwa, samahani. Jengo hili halipo.”

“Toka hapo!”

Nikatoka. Akaingia kwa tumbo. Utepe ulikatika bila hata kulia. Kamera ilikuwa nyuma yake. Nikatazama saa, nikafungua daftari, nikaandika: “Saa tisa na dakika kumi. Utepe umekatwa na mgeni rasmi, kwa tumbo.” Waraka hautaji mkasi mahali popote.

“Darasa la Kwanza,” nikaita, “ingieni.”

Wakaingia wote, wanatiririka maji, wanagusa madawati kama watu waliofika kwa ndugu. Mheshimiwa alikuwa ameketi dawati la mbele, magoti yamefika kidevuni. Nikamwomba asogee kidogo, Happy akae.

Tangu siku ile kikohozi kimekwisha na kuandika kumeanza. Kwa mujibu wa jiwe na waraka, madarasa yote mawili yamezinduliwa, kwa hiyo yote mawili yapo. Tumeandika barua kwa heshima kuomba ufunguo wa lile la pili. Wakati tunasubiri, kila asubuhi watoto wanasoma jiwe kwa sauti na kuhesabu. Mabasi yakipunguza mwendo kwenye tuta, abiria wanafungua vioo na kuitikia “Moja!” Wengine wanarekodi kwa simu.

Juzi Bwana Isakwisa alikuja na kitambaa kipya. Amri ni kwamba jiwe lifunikwe mara moja.

Nikamwonyesha waraka. “Kitambaa kinaguswa na mgeni rasmi tu. Mbele ya wazazi, wanafunzi na wanahabari.”

Akausoma. Ulikuwa na sahihi ya Mheshimiwa. Akampigia simu, akaongea kwa unyenyekevu mrefu, kisha akaniambia ameamriwa asiondoke mpaka jiwe lifunikwe.

“Sasa nisubiri wapi, mwalimu?” akauliza. Mvua ilikuwa imeanza.

“Barazani,” nikamwambia. “Baraza halina utepe.”